Amanda Kaamka Vibaya

Jumapili, mwisho wa Julai. Sumbawanga.

Upepo umeamka kabla yangu. Huu wa Julai haubishi hodi, unapita chini ya mlango, unazunguka jikoni, unagusa kila sufuria, ndipo unakuja miguuni. Nimevaa sweta mbili na kitenge juu yake. Nimekaa karibu na jiko la mkaa, naandika kwenye simu kwa vidole viwili kwa sababu vingine vimegoma.

Sijaandika hapa tangu Mei. Wachache mnaopita mlidhani nimechoka, na wengine mlidhani nimeolewa. Mama yangu amefariki. Tumemzika kwao Kipili, wiki mbili zilizopita, na jana jioni nilirudi kwenye nyumba hii ambayo sasa naishi peke yangu.

Lakini leo nimelia kwa ajili ya ua.

Nimeandika sentensi hiyo nikaona aibu, nikaifuta, nikairudisha. Mtu anafiwa na mama mzazi, halafu siku ya kwanza nyumbani anakaa chini ukutani kulilia mti wa maua. Niacheni nieleze, na kama mwisho wake bado mtaona mimi ni mjinga, basi tutakuwa tumekubaliana.

Mama alikuwa na alamanda. Kwa wasioijua, ni kichaka chenye majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta na maua ya njano makubwa, ukitia kidole ndani ya ua kinazama chote. Kinapenda joto kuliko kitu chochote. Kule Kipili, mwambao wa Tanganyika, kilipanda hadi juu ya paa la jiko lake na hakuna aliyekiomba. Mama hakusema alamanda. Alisema Amanda. Nilimsahihisha mara mbili nikiwa mwanafunzi wa sekondari mwenye kujua kila kitu, akanijibu kwamba yeye ndiye anayelimwagilia, kwa hiyo atalipa jina analotaka.

Halafu ziwa likapanda. Si hadithi, waulizeni watu wa mwambao. Maji yalikuja taratibu, mwaka huu yamefika kwenye mnazi wa jirani, mwaka unaofuata yapo chini ya kitanda. Uwanja wa Mama ukawa ziwa, Amanda akaoza akiwa amesimama majini, nyumba ikapasuka. Oktoba iliyopita nikaenda kumchukua. Alikuwa ameshakata kijiti kimoja kabla mti haujafa, amekiotesha kwenye kopo la rangi. Safari yote ya kupanda huku juu alilipakata kopo lile. Sanduku lake la nguo alikubali lifungwe juu ya gari pamoja na magunia ya dagaa. Kopo, hapana.

Kila mtu aliniambia ua lile halitashika. Mimi ni karani wa masjala, kazi yangu ni mafaili, sijui kilimo, lakini hata mimi nilijua. Huku Ufipa juu panafaa mahindi, ulezi, maharage na watu wenye makoti. Mwezi wa sita alfajiri ukitoka nje unakuta nyasi zimekakamaa. Nani aliwahi kuona alamanda Sumbawanga? Nilimwambia Mama tupande waridi. Aliniangalia namna ile, tukapanda Amanda.

Tulimpanda nyuma ya nyumba, kwenye ukuta unaotazama kaskazini, unaopigwa na jua mchana kutwa. Nilichimba shimo kubwa kuliko ilivyohitajika, nikatia samadi. Na akashika! Mvua zilipokuja akaanza kurefuka, Machi alikuwa amenifika kiunoni. Aprili akatoa vitumba. Nilivihesabu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Mama akivihesabu tena mchana kwa kuwa hakuamini hesabu yangu. Mei upepo ukaanza, vitumba vyote vikaanguka ndani ya wiki moja bila hata kimoja kufunguka.

Mama naye akaanza kukohoa.

Naomba mtu asinitumie ujumbe wa kusema Mama alikuwa kama lile ua. Nimeshaambiwa na watu wawili msibani. Mama alikuwa Mama, alikuwa na kifua kibaya tangu zamani na alipenda kubishana na redio. Ila swali ninalo, na nalisema wazi: nilimtoa kwenye joto nikamleta kwenye baridi, nilifanya vyema? Nyumba ilikuwa imepasuka. Ningemwacha wapi? Hayo ndiyo majibu yangu na hayanitoshi.

Mwanzoni mwa Juni majani ya Amanda yalibadilika rangi usiku mmoja tu, yakawa kama mboga iliyopitiwa na maji ya moto. Mama alikuwa haamki tena kitandani. Nilikusanya nyasi kavu, nikazipanga kuzunguka shina na matawi, nene kabisa, nikafunga kwa kamba ya katani toka chini hadi juu. Nilisoma mtandaoni kwamba wenzetu wa nchi za baridi hufanya hivyo. Nikajiambia nitafungua mwezi wa tisa, joto likirudi. Sikufungua hata mara moja kuchungulia.

Sasa nifike kwenye uwongo wangu, maana ndio ulionileta hapa.

Mama alilazwa mwanzoni mwa Julai. Siku tatu kabla hajafa aliniuliza, kwa sauti ambayo ilibidi niinamishe sikio, "Amanda kachanua?"

Julai. Katikati ya baridi hii. Nikasema, "Kachanua, Mama. Matatu."

Akauliza kama ni njano ileile. Nikamwambia ileile. Akafumba macho na uso wake ukawa wa mtu aliyeletewa habari ya mtoto aliyefaulu. Aliwaambia wauguzi. Alimwambia mgonjwa wa kitanda cha pili. Msibani Kipili wanawake wa mwambao walinishika mikono mmoja baada ya mwingine wakaniambia hata kwa simu Mama alilizungumza, kwamba Amanda wake amechanua kwa Wafipa wa juu, kwenye baridi. Walifurahi katikati ya kilio. Niliitikia kwa kichwa kila mara.

Mpango wangu ulikuwa mmoja tu. Amanda akichanua kweli, Oktoba au Novemba, nitakata maua matatu niyapeleke kaburini Kipili. Uwongo wangu ungekuwa umetangulia tu, ungekuja kufikiwa na ukweli wake. Nimeishi wiki mbili kwa mpango huo. Nilipokuwa natupia udongo kaburini nilikuwa nafikiria mpango huo.

Leo asubuhi, hata chai sijanywa, nilizunguka nyuma ya nyumba.

Hapakuwa na kitu. Ukuta, na chini yake kisiki kifupi kilichokatwa kwa panga, karibu usawa wa udongo.

Nilidhani ni mbuzi. Halafu nikadhani ni wezi, kisha nikajiuliza mwizi gani anaiba nyasi. Nilikaa chini palepale nikalia kwa sauti, kuliko nilivyolia Kipili, kwa sababu Kipili kulikuwa na watu.

Baba Kalista alinikuta nimeshanawa uso. Huyu ni mzee wa hapa mtaani, mkulima, kiongozi wa jumuiya yetu ya Kikatoliki, mtu ambaye akikuazima jembe anakuja mwenyewe kukusaidia kulima. Miezi ile Mama alipokuwa bado anatoka nje, mimi nikiwa ofisini, alikuwa akipita asubuhi kwenda shambani na kusimama kwenye wigo kusalimiana na Mama. Leo alitoka misani na ndoo ndogo ya unga wa ulezi. Nikampa shikamoo, akanipa pole, akakaa.

Tukazungumza ya safari, ya kaburi, ya ziwa. Kisha akaanza kusifu msiba ulivyokwenda. Siku ile ya pili ya msiba hapa nyumbani, kabla hatujasafiri, wanaume waliwasha moto uwanjani asubuhi. Naukumbuka. Kuni zilikuwa za mkaratusi mbichi, moshi mtupu, watu wanakohoa, halafu ghafla moto ukashika vizuri, tukausogelea wote. Mimi nilisogezewa kiti karibu kabisa.

"Uliandaa vizuri, mwanangu," alisema Baba Kalista. "Nilizunguka nyuma kutafuta cha kuwashia, nikakuta umeshafunga fungu lako la nyasi na vijiti, limesimama ukutani. Nikakata, nikaleta. Lile ndilo lililotuokoa. Nikasema, huyu binti amelelewa."

Na ni kweli, ndivyo fungu la kuwashia moto linavyofungwa huku: vijiti ndani, nyasi nje, kamba ya katani. Mtu yeyote wa Ufipa angeona hivyo. Mtu wa nchi za baridi angeona ua limevalishwa koti. Ni mimi niliyesoma mtandaoni.

Niliangalia viganja vyangu. Asubuhi ile nilivipasha joto kwenye moto ule mpaka vikauma.

Nikasema, "Asante, baba."

Mzee amekuja na unga. Nikanyanyuka kuweka chai, kuficha uso tu, ndipo aliponiuliza kwa upole, kama mtu ambaye amelisubirisha swali lake:

"Na Amanda? Mmemwacha Kipili?"

Sikumwelewa. Akaendelea. Alisema kila asubuhi Mama alikuwa akimpa habari za mjukuu. Amanda kaamka vibaya leo. Amanda baridi imemchoma. Amanda jana kanywa maji kidogo, leo nimemfunika. Alisema yeye hakutaka kuuliza sana kwa nini mtoto hatolewi nje, maana mambo ya ugonjwa wa watoto ni ya ndani ya nyumba, lakini tangu Mei jumuiya imekuwa ikimtaja Amanda kwenye rozari kila Jumatano. Mama Kalista alimfumia kofia ya sufu. Iko tayari, walisubiri msiba upoe.

Jumatano mimi huwa nabaki ofisini, huwa sihudhurii. Hilo nalo ni kosa langu.

Nimefikiria tangu mchana na nimeona kilichotokea ni ngeli tu. Mama angesema limeamka, limekunywa, nimelifunika, mzee angejua ni ua au kitu tu. Lakini Mama alimpa Amanda a- na m- za mtu. Kaamka, nimemfunika. Kiswahili kikishakupa hizo, umekuwa mtu, na watu wanakuombea. Lugha hiihii ndiyo inayoita ua ni ua, na uwanja ni ua, na kutoa roho nako ni kuua. Huwa nacheka na mambo haya kazini. Leo sikucheka.

Ningeweza kusema palepale. Ningesema, baba, Amanda ni yule uliyemwasha. Nilikuwa na sentensi hiyo mdomoni, tayari kabisa, na nakiri kulikuwa na sehemu yangu iliyotaka imkate. Ila nilipomtazama ameinamisha kichwa kusubiri habari za mtoto, nikasema kitu cha katikati. Nikasema, "Amanda hayupo tena, baba."

Alivua kofia.

"Lini?"

"Siku zilezile za msiba."

Alifunika uso kwa kofia ile na mabega yakaanza kutikisika. Mzee mzima. Akasema maskini, mjukuu amemfuata bibi, na sisi hatukujua, tulizika mmoja na kumbe ni wawili. Akasema jinsi nilivyobeba peke yangu ndivyo Mungu atakavyonibeba. Akapiga ishara ya msalaba, akasali, nami nikapiga. Sitasema uwongo: ilinifariji. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumlilia Amanda pamoja nami, hata kama hakujua anamlilia nani. Nililia naye mpaka chai ikapoa.

Alipoondoka nilikaa kama dakika tano nikijisikia mwepesi. Halafu nikakumbuka ni nani aliyetoka mlangoni. Kiongozi wa jumuiya. Kabla ya jua kuzama angekuwa amepita nyumba zote. Kesho asubuhi kina mama wangefika hapa na unga, maharage na kuni vichwani, kulilia mtoto. Mama Kalista angekuja na kofia ya sufu.

Nilitoka na kandambili, bila kufunga mlango, nikikimbia na kitenge mkononi. Nilimpata kwenye kona, kwenye kibanda cha fundi baiskeli ambacho Jumapili kinafungwa. Nilimwambia pale pale, nikihema. Kwamba Amanda si mtoto. Kwamba ni ua, la njano, la Mama, alilipakata toka Kipili.

"Ua," akasema.

"Ua, baba."

"Liko wapi?"

Niligeuka nikatazama nilikotoka. Alikaa akinitazama, na nikaona anavyokwenda mwenyewe kwa mawazo, hatua kwa hatua, nyuma ya nyumba yangu, mpaka ukutani. Aliangalia mkono wake wa kulia.

"Lile fungu," akasema.

Jamani, sijui kama mmewahi kuona mtu mwema akigundua jambo kama hilo. Uso wake ulichoka ghafla. Sikuweza kuvumilia. Nikaanza kumpa maneno ya kumtuliza, lolote lililonijia. Nikamwambia hapana, baba, wewe hukuliua. Lilikuwa limeshakufa. Alamanda ikiwa hai ukiikata inatoa utomvu mweupe kama maziwa, unachuruzika, na kuni mbichi unazijua mwenyewe, zinafuka moshi tu. Lingekuwa hai lisingewaka vile.

Nilisema ili nimponye. Akafikiri kidogo.

"Kweli," akasema. "Panga halikulowa hata kidogo. Lilipita kama kwenye biskuti. Kavu mpaka ndani."

Uso wake ukarudi. Hata alicheka kidogo, akasema tumemchosha Mungu kwa rozari za ua, na kwamba atawaeleza yeye mwenyewe kina mama, nisiwe na wasiwasi. Kisha, bila ubaya wowote, kama mkulima anavyomuuliza mkulima mwenzake, akaniuliza:

"Kwani lilikauka lini, mwanangu?"

Nikamwambia sijui.

Najua. Nilijua palepale kwenye kona, upepo ukinipiga vumbi machoni. Lilikauka Juni, usiku ule majani yalipobadilika, au siku chache baadaye. Nilifunga nyasi kuzunguka kitu ambacho tayari kilikuwa kinakwenda, nikafunga kwa nguvu, na sikufungua kwa sababu niliogopa nitakachokiona. Na daktari naye aliponiita pembeni mara ya kwanza nilimwambia nina haraka, nitarudi kesho. Mama aliponiuliza kama kachanua, kule nyuma ya nyumba kulikuwa na kuni kavu zilizofungwa vizuri. Hakuna Oktoba iliyokuwa inakuja. Hakuna ukweli uliokuwa njiani.

Nilirudi nyumbani nikakikwangua kile kisiki kwa ukucha, kutafuta kijani. Nimekwangua hadi ukucha umevunjika. Kahawia, mpaka chini.

Nimeumia leo kuliko siku ya kuzika, na sitaki kulipamba hilo kwa maneno. Niliyetaka kumlaumu hana kosa. Mama hayupo wa kuombwa msamaha. Kipili kuna wanawake wanaoamini kwamba Sumbawanga kuna ua la njano limeishinda baridi, na sitakwenda nyumba hadi nyumba kuwaambia.

Kilichobaki ni swali moja, na nimelizunguka jioni yote huku mkaa ukiisha. Kama ningekuwa nimefungua zile nyasi, nikaliona limekufa, nikalishika kwa mkono, halafu nikaenda hospitali na Mama akaniuliza, ningemwambia nini?

Nimeandika jibu la heshima. Nimelifuta.

Ningemwambia kachanua.